Mbiu ya mgambo ndani ya jani la mgomba

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu mliokaa huku mbele, na ninyi vijana mliosimama ukutani kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kinga ya mimea. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, umetuletea dawa ya mnyauko au umetuletea maneno?" Nimemjibu kwamba nimeleta maneno, ila ni maneno kuhusu dawa ambayo mmea wenyewe unatembea nayo mwilini. Akasema basi atakaa asikilize. Nashukuru, mzee wangu, nakuona.

Naanza na panga. Mwaka 2006, mnyauko bakteria ulipoanza kutajwa huku kwetu Kagera, nilimfuata bibi yangu kibanjani asubuhi moja. Mgomba mmoja karibu na jiko ulikuwa umelegea majani, manjano yamepanda kutoka kwenye ncha, utadhani umemwagiwa maji ya moto. Bibi akachuma ndizi moja kwenye mkungu uliokuwa bado mchanga, akaipasua: ndani kahawia, kama kutu ya bati. Akaukata mgomba kwa mapigo mawili. Tukasimama tukiutazama ule mkato mweupe. Hazikupita dakika nyingi, vikaanza kuchomoza vitone vizito, rangi ya maziwa yaliyoganda, vikazidi kuwa vya manjano na kuchuruzika pembeni. Bibi akakuna kichwa, akafuta panga kwenye nyasi, akaenda kupunguza majani ya mgomba wa pili kwa panga lile lile.

Sikumwambia kitu kwa kuwa sikujua kitu. Leo najua kwamba katika vile vitone mlikuwa na bakteria kwa mamilioni, na kwamba panga liliwabeba kutoka mgomba hadi mgomba. Kibanja kile kililisha nyumba nne. Ndani ya misimu michache kilibaki mihogo na mahindi.

Swali lililonipeleka chuoni lilikuwa jepesi la kitoto: mgomba ulikuwa unafanya nini wakati huo wote? Mtu akiumwa anapata homa, mbuzi akidonda anavimba. Mgomba ulisimama tu ukifa? Nilipata jibu baada ya miaka, na ndilo ninalotaka mliondoke nalo hapa. Mgomba haukusimama tu. Ulikuwa na askari, ulikuwa na silaha, ulikuwa na njia za kupitishia habari. Kilichoukosesha uhai ni kwamba habari haikufika kwa wakati.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ndani ya kila seli ya mmea kuna mbiu, na anayeipiga anaitwa kinasi. Vijana, msije mkadhani neno hili limetokana na kunasa. Mzizi wake ni wa Kigiriki, wenye maana ya kusogeza. Kinasi ni protini ambayo kazi yake ni moja: huchukua chembe ya fosfati kutoka kwenye ATP, ile ile akiba ya nguvu mnayoisoma kwenye baiolojia, na kuipachika juu ya protini nyingine. Basi. Lakini fosfati ina chaji hasi, na ikishapachikwa huvuta upande huu na kusukuma upande ule, protini iliyopachikwa inajikunja upya. Fikirieni komeo la mlango wa uani. Mlango ni ule ule na bawaba ni zile zile, ila komeo likivutwa, kilichokuwa kimefungwa kinafunguka. Na wako wengine, wanaitwa fosfatasi, ambao huja nyuma na kulirudisha komeo mahali pake.

Jambo hili halikugunduliwa kwenye mimea. Edmond Fischer na Edwin Krebs walilikuta kwenye misuli ya wanyama, huko Seattle, Marekani, katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1992 wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini mimea imelitumia kuliko sisi. Binadamu ana aina za kinasi kama 500 hivi. Mpunga una zaidi ya 1,400. Nilipoisoma namba hii mara ya kwanza niliirudia nikidhani ni kosa la chapa. Kisha ukifikiri unaelewa. Mpunga hauwezi kuinuka ukakimbia. Hauna damu ya kuzungusha walinzi mwilini, kila seli iko peke yake kwenye chumba chake chenye kuta nene. Kiumbe wa namna hiyo lazima awe na masikio mengi mno, na kinasi nyingi za mimea ni masikio: upande mmoja umetokeza nje ya seli unasikiliza, upande wa pili uko ndani unapiga mbiu.

Niwachukue tukaone kwa karibu. Bakteria ameingia kwenye jani kupitia tundu la kupumulia. Ana mkia wa kuogelea, na mkia huo umejengwa kwa protini iitwayo flajelini. Juu ya utando wa seli kuna kipokezi kinaitwa FLS2, ambacho Lourdes Gómez-Gómez na Thomas Boller walikitambulisha mwaka 2000 kule Basel, Uswisi, wakitumia mmea mdogo wa magugu, Arabidopsis. Kipokezi hakihitaji kuuona mkia wote. Kipande cha asidi amino 22 kinatosha, kama mbwa anavyomjua mgeni kwa kikohozi. Kikishakigusa kipande hicho, ndani ya sekunde chache kipokezi cha pili, BAK1, kinasogea na kushikana nacho. Vyote viwili ni kinasi, vinapachikana fosfati. Chini yao kuna mjumbe, BIK1, kinasi wa tatu, alikuwa amekaa hapo akingoja. Naye anapachikwa, anaachia, anaondoka mbio kwenda kuamsha kimeng'enya kilichoko kwenye utando huo huo, na kimeng'enya hicho kinaanza kuzalisha oksijeni kali inayoishia kuwa peroksaidi ya haidrojeni, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Wakati huo huo milango ya kalsiamu inafunguka na kalsiamu inamwagika ndani ya seli. Hapo hata dakika 5 hazijatimia.

Halafu mbiu inaelekea kwenye kiini cha seli. Inapita kwa kinasi watatu waliopangana kwa vyeo: wa juu humpachika wa kati, wa kati humpachika wa chini, wa chini ndiye anayeingia kwenye kiini. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini watatu, kwa nini asitumwe mmoja moja kwa moja. Ni swali zuri sana. Kila mmoja anaweza kuwaamsha wengi walio chini yake, kwa hiyo sauti ndogo iliyoanzia kwenye utando inafika ikiwa kelele, kama ngoma inayojibiwa kutoka kilima hadi kilima. Kati ya dakika 5 na 15 kinasi hawa wa chini wanakuwa wamepamba moto. Wakifika kwenye kiini wanazipachika protini ziitwazo WRKY, nazo zinaamsha jeni za ulinzi. Seli inaongeza unene wa ukuta. Inatengeneza sumu zake. Matundu ya kupumulia yanafungwa ili wasiingie wengine.

Na adui hajalala. Bakteria wa magonjwa ya mimea wana sindano, sindano kabisa, wanayoichoma kwenye seli na kuingizia protini zao, na nyingi katika hizo zinakwenda moja kwa moja kumziba mdomo mpiga mbiu. Iko moja inaitwa HopAI1. Hii inang'oa fosfati kwenye kinasi wa tabaka la chini kwa namna ambayo haiwezi kupachikwa tena. Fosfatasi wa kawaida hulirudisha komeo. Huyu anavunja mlango. Bakteria wa jamii ya Xanthomonas, ukoo ule ule wa huyu anayetuulia migomba, anayo protini nyingine inayomfunika BIK1 pale pale anapopaswa kupachikwa fosfati. Nikiwaeleza wanafunzi wangu jambo hili huwa nawaona wamekunja uso, na wana haki. Kiumbe asiye na jicho wala akili anajua mahali hasa pa kubana.

Nayo mimea ikajibu. Mwaka 1993 kikundi cha Gregory Martin na Steven Tanksley, chuo cha Cornell, walipata jeni ya nyanya inayoitwa Pto. Ilikuwa miongoni mwa jeni za kwanza kabisa za kinga ya mimea kushikwa mkononi, na walipoisoma wakakuta ni kinasi. Pto anafanana na wale wapiga mbiu ambao adui huwaendea kuwaziba mdomo. Adui anapomshika, kumbe amekamata mtego, na seli nzima inajiua papo hapo pamoja na aliyemo. Mmea unapoteza seli chache, jani linapona. Ukiona kijidoa kikavu kwenye jani ambacho hakiendelei kukua, mara nyingi unatazama kaburi la seli zilizokufa kwa ajili ya wenzao.

Najua kuna kijana anauliza moyoni: kwa nini mmea usiiache mbiu ikilia usiku na mchana? Kwa sababu mtaa unaokesha na marungu hauendi shambani. Mimea ambayo kinga yake imewaka muda wote hudumaa, na mavuno hakuna. Kwa hiyo mmea una protini nyingi za kuwazuia kinasi wasilipuke bila sababu. Kinga njema ni ile inayonyamaza kabisa na ikaamka kwa sekunde.

Sasa turudi kwenye kibanja. Migomba yote tunayolima, ya matoke, ya kuivisha, ya pombe, inashikwa na mnyauko. Mgomba mwitu mmoja wa Asia, Musa balbisiana, ndio unaouhimili. Jambo hili linajirudia kila ninapogeukia. Ile Pto ilitoka kwenye nyanya mwitu ndogo za Amerika Kusini. Mwaka 1998 ilionekana Uganda kutu ya shina ya ngano iliyopewa jina Ug99, ikatishia ngano ya dunia, na mpaka leo aina za ngano kwa maelfu zinaletwa Njoro, Kenya, kupandwa ili zishambuliwe na kutu ionekane ipi itasimama. Moja ya jeni zinazoizuia kutu ya shina, Sr62, imetoka kwenye nyasi mwitu za pwani ya Israeli na Lebanoni, nayo ni kinasi mbili zilizoungana kama mapacha. Sisi wakulima, kwa maelfu ya miaka, tumechagua mbegu kwa utamu, kwa ukubwa, kwa urahisi wa kupika. Masikio ya mmea hatukuyachagua, kwa kuwa hatukujua yapo. Yalipotea njiani, yakabaki porini.

Na hapa nifike kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote. Inaanzia Mali, Afrika Magharibi, kwenye mpunga mwitu uitwao kitaalamu Oryza longistaminata. Mkulima wa mpunga yeyote wa Afrika anaujua: una mizizi inayotambaa chini kwa chini, ukiung'oa leo kesho umerudi, na punje zake zinapukutika kabla hujaweka mundu. Kwekwe. Watafiti India wakagundua kwamba mpunga huu haushikwi na mnyauko wa majani unaosababishwa na Xanthomonas oryzae. Gurdev Khush na wenzake, katika taasisi ya mpunga ya kimataifa kule Ufilipino, wakauoza na mpunga wa kawaida, wakarudia na kurudia kizazi baada ya kizazi hadi kinga ikahama na utamu ukabaki. Jeni hiyo wakaiita Xa21. Mwaka 1995 kikundi cha Pamela Ronald, chuo cha California pale Davis, kikaitenga. Ni kipokezi, na upande wake wa ndani, mmeshajua, ni kinasi.

Kinasikia nini lakini? Hapo Ronald alipata mtihani. Mwaka 2009 kikundi chake kilichapisha kwamba wamepata kile kitu cha bakteria ambacho XA21 hukisikia. Dunia ikapiga makofi. Miaka ikapita, watafiti wapya wakaingia maabara, wakarudia majaribio, hayakukubali. Wakachunguza, wakakuta kwamba bakteria kwenye baadhi ya chupa zao hawakuwa wale walioandikwa kwenye lebo. Ronald angeweza kunyamaza. Mwaka 2013 akaiondoa kazi yake mwenyewe hadharani, akaeleza kosa lilipotokea, akaanza upya. Mwaka 2015 wakapata jibu la kweli, kijipande cha protini kinachoitwa RaxX, ambacho bakteria hukivalisha salfeti kabla ya kukitoa nje. Na kijipande hicho kinafanana na homoni ya mmea wenyewe ya kukuzia mizizi. Bakteria anajifanya mwenyeji, anabisha hodi kwa sauti ya mtoto wa nyumbani. Mpunga mwitu wa Mali ndio uliojifunza kuitofautisha sauti hiyo.

Nawaambia vijana wa maabara habari ya 2013 kila mwaka, kabla sijawafundisha kushika pipeti. Andika lebo. Ukikosea, sema.

Kuna jambo jingine pale Davis. Kwa kuwa jeni ilitoka Mali, mwaka 1996 ulianzishwa mfuko ili kampuni zikitengeneza faida kwa Xa21, sehemu irudi kusomesha vijana wa nchi ilikotoka. Nia ilikuwa njema. Kampuni hazikuendelea na bidhaa, na fedha zilizotarajiwa hazikuja. Nalitaja kwa sababu huku kwetu tunafyeka vinamasi kila siku bila kuuliza kilichomo, na siku mtu wa mbali akikipata tutaanza kugombana kuhusu hati.

Mwaka 2014 Leena Tripathi na wenzake wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, tawi la Nairobi, wakachapisha kwamba wameichukua Xa21 ya mpunga wakaiweka kwenye mgomba. Na si mgomba wa mbali. Ni gonja, gonja hii hii tunayoichoma kwenye makaa. Wakaichoma sindano ya bakteria wa mnyauko ndani ya nyumba ya vioo. Migomba ya kawaida ikanyauka. Kati ya ile yenye jeni, baadhi ilisimama bila doa. Sikio la mpunga wa Mali limesikia ndani ya mgomba wa Maziwa Makuu, na kinasi za mgomba zikaielewa lugha yake na kuipokea mbiu. Mpunga na mgomba viliachana zamani mno, kabla hajatokea mtu wa kuvilima, na bado vinaelewana.

Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, na namwelewa. Mgomba huo haupo kwenye vibanja vyenu, na kama utakuja au hautakuja ni mazungumzo ya sheria, ya usalama, na ya ninyi wenyewe mnaokula. Sikuja kuwauzia mche. Mpaka leo hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mgomba ulioshikwa. Kwa hiyo kesho asubuhi fanyeni yale bibi yangu hakuambiwa na mtu. Mkungu ukishatoa kichana cha mwisho, ondoeni ua dume, lile jekundu linaloning'inia, kwa kijiti chenye panda, msitumie kisu, maana wadudu hupita hapo wakiwa na bakteria miguuni. Panga lipitisheni kwenye moto kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine, au lisugueni kwa Jik. Mgomba ulioshikwa ukateni chini kabisa mapema, msingoje mkungu ukomae. Msichukue miche kwenye kibanja msichokijua, hata kama ni cha shemeji.

Hapo mezani kuna chupa ya kioo. Ndani nimeweka mpunga mwitu, Oryza longistaminata, niliouchukua bonde la Kilombero. Nimeukausha na kuufunga kwa nta, kwa sababu kipande cha mzizi wake kikidondoka kwenye shamba la mtu kitanipatia kesi. Mkiushika utazameni pale jani linapoungana na shina, mtaona ulimi mwembamba mrefu. Ulimi huo, pamoja na ile mizizi inayotambaa, utakusaidia kuutambua siku ukikutana nao kando ya maji. Msisukumane. Wazee watangulie, na yule kijana wa swali la kinasi watatu aje anisaidie kushika taa.